Yuniti Nne za Kinga

Muuguzi aliyenisubiri nje ya wodi ya wazazi alikuwa ameshika karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, sista. Habari za zamu?"

Habari za zamu hakuzijibu. Alinikabidhi karatasi. Palikuwa na jina la kipimo, tarakimu moja tu, 4, na chini yake maneno mawili yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: hana kinga.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa akimwekea dripu mama aliyekuja kujifungua. Uchungu ukamshika mama ghafla, akarusha mkono, na sindano iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye mshipa ikapenya glovu na kumchoma muuguzi kidole gumba. Alifanya yote aliyofundishwa. Alinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua kidonda, akamwarifu msimamizi wa zamu, akajaza fomu ya tukio. Mama alipopimwa hakuwa na virusi vya Ukimwi. Kipimo cha homa ya ini B ndicho kilichosoma chanya. Damu ya muuguzi ikapelekwa maabara ya binafsi mjini kupimwa kiwango cha kingamwili, na majibu yake ndiyo karatasi ile.

"Nilimaliza dozi zote tatu nikiwa chuoni," aliniambia. "Miaka 11 sasa. Kumbe ilishaisha muda wake, na mimi kila siku naingia zamu najiona nimekingwa?"

Swali hilo nimeulizwa na madaktari, wauguzi, mafundi wa maabara na wanafunzi wa uuguzi, kila mmoja kwa maneno yake. Kinga ya chanjo inakaa muda gani? Wanataka nitaje mwaka, kama tarehe iliyopigwa chini ya kopo la maziwa. Lakini jibu halikai kwenye chanjo peke yake. Nusu yake iko kwa kirusi chenyewe: kikishaingia mwilini, kinakupa muda gani kabla ya kukuumiza? Tusipoliuliza hilo la pili, tunaishia kuwatisha watu waliokingwa na kuwasahau wasio na kinga hata kidogo. Yote mawili nimeyaona katika hospitali moja, ndani ya wiki chache.

Mkulima anayejua kazi yake, akishavuna mahindi, hugawa mavuno mafungu mawili. Fungu kubwa huenda ghalani kwa chakula. Fungu dogo, yale mahindi yaliyojaa vizuri, huyafunga na kuyatundika darini juu ya jiko ili moshi uyalinde na wadudu. Hiyo ndiyo mbegu. Miezi ikipita, ghala hupungua. Mgeni akichungulia na kukuta debe moja limebaki anaweza kusema nyumba hii ina njaa. Hajainua macho kutazama dari.

Kingamwili zinazoelea kwenye damu ni chakula cha ghalani. Huonekana, hupimika, na hupungua. Ila chanjo iliyoshika vizuri huacha pia seli za kumbukumbu kwenye mitoki, kwenye wengu na kwingineko, na hizi hazionekani kwenye kipimo cha kawaida cha maabara. Hukaa kimya miaka na miaka. Kirusi kikirudi zinakitambua, zinaanza kugawanyika, na baada ya siku kadhaa damu hujaa kingamwili upya, mara nyingi kwa wingi kuliko mara ya kwanza. Karatasi ya yule sista ilikuwa imechungulia ghala tu.

Hapa ndipo mwendo wa kirusi unapoingia. Mbegu inahitaji muda wa kuota. Kirusi cha homa ya ini B huenda polepole: tangu kiingie hadi mtu aanze kuumwa hupita siku 60 hadi 150, na wastani ni kama siku 90. Kwa kumbukumbu ya mwili hiyo ni masika nzima. Mafua makali, kwa upande mwingine, hujitokeza ndani ya siku moja hadi nne. Mtu mwenye njaa ya leo jioni humsaidii kwa kumpa mbegu. Ndiyo maana chanjo mbili zinaweza kuacha kumbukumbu nzuri sawasawa mwilini, moja ikamlinda mtu miongo mitatu na nyingine isimalize mwaka.

Uingereza waliliona hilo waziwazi kwa watoto. Mwaka 1999 walianza kuchanja dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya kundi C. Watoto waliopata dozi wakiwa wachanga wa miezi michache walilindwa vizuri mwanzoni, kisha kinga yao ikashuka sana baada ya kama mwaka mmoja, ingawa ukiwapima maabara kumbukumbu ilikuwepo. Bakteria wa ugonjwa ule huweza kumshinda mtoto ndani ya siku chache tu. Kumbukumbu ilikuwa inaamka, lakini ilichelewa. Ikabidi ratiba ya chanjo ibadilishwe na dozi ya nyongeza iwekwe. Pepopunda nayo ina ukali wa namna yake, kwa sababu kinachoua ni sumu ya bakteria, na kiasi cha sumu kinachotosha kuua ni kidogo mno hata hakiwezi kuiamsha kumbukumbu ya mwili. Ukitaka kinga ya pepopunda, ni lazima chakula kiwepo ghalani siku hiyohiyo unayojikata.

Sasa ile tarakimu 10, ambayo karatasi ya sista iliishindwa kwa yuniti sita. Kila fomu ya maabara inaitumia: yuniti 10 kwa lita na kuendelea ana kinga, chini ya hapo hana. Kiwango hicho kilitokana na majaribio ya kwanza ya chanjo. Maurice Hilleman na wenzake kule Marekani walitengeneza chanjo kutokana na utegili wa damu ya watu wenye maambukizi, na Wolf Szmuness akaijaribu jijini New York kwa wanaume 1,083 waliokuwa katika hatari kubwa. Matokeo yalichapishwa 1980, chanjo ikaidhinishwa 1981, na 1986 ikaja ile inayotengenezwa kwa hamira tunayoitumia hadi leo. Katika majaribio hayo ilionekana kwamba mtu ambaye kingamwili zake zilifika kiwango hicho muda mfupi baada ya kumaliza dozi, alikuwa amekingwa.

Muda mfupi baada ya kumaliza dozi. Maneno hayo yamepotea njiani kati ya vitabu na wodi zetu. Kiwango cha 10 kiliwekwa kijibu kama mwili umeipokea chanjo, na muda wake wa kupima ni mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho. Hakikuwekwa kupima ghala la mtu miaka 11 baadaye. Mwaka 2000 kundi la wataalamu wa Ulaya lilieleza msimamo wake katika jarida la The Lancet: mtu mwenye afya ya kawaida, ambaye mwili wake ulithibitishwa kuipokea chanjo, hana haja ya dozi za nyongeza hata kingamwili zikishuka chini ya 10.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka Alaska, mahali penye baridi na mbali nasi, lakini palipokuwa na shida kama yetu, kwa maana homa ya ini B ilikuwa imeenea vijijini kupita kiasi. Mwaka 1981 watu 1,578 wa jamii za wenyeji walichanjwa, watoto kwa watu wazima, na watafiti wakaendelea kuwafuatilia. Baada ya miaka 30 waliwapima watu 243 ambao mwanzoni waliipokea chanjo vizuri na hawakuongezewa dozi yoyote tangu hapo. Asilimia 51 bado walikuwa na yuniti 10 au zaidi. Wale waliokuwa chini walipewa dozi moja ya kuamsha kumbukumbu, na katika watu 85 waliorudi kupimwa baada ya mwezi, 75 walikuwa wamepanda juu ya 10. Ukijumlisha, zaidi ya watu tisa kati ya kila kumi walikuwa bado wana kinga miaka 30 baada ya sindano zao, na karibu nusu yao wangepewa karatasi kama ya sista: hana kinga.

Ningekuwa na uhakika kwamba sista aliipokea chanjo kule chuoni, ningemwambia arudi nyumbani akalale. Sikuwa na uhakika. Kadi yake ilikuwa na tarehe tatu na mihuri mitatu, na haikuwa na kipimo. Kati ya watu wazima 100 wanaomaliza dozi tatu, 5 hadi 10 mwili wao hauitikii, hasa waliovuka miaka 40, wavutaji sigara na wenye uzito mkubwa. Tarakimu 4 inaweza kuwa ya mtu aliyefika 300 miaka 11 iliyopita, na inaweza pia kuwa ya mtu ambaye hajawahi kufika popote. Karatasi mbili zinafanana kabisa, na mmoja kati ya watu hao yuko hatarini kwelikweli, kwa sababu asiye na kinga akichomwa sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 6 hadi 30. Kwa virusi vya Ukimwi, sindano ya namna hiyohiyo ina uwezekano wa asilimia 0.3.

Kipimo kimoja, kilichotakiwa kufanywa miaka 11 iliyopita, kingemwondolea mwanamke yule usiku wa hofu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe. Nilipokuwa nasimamia chanjo za watumishi katika hospitali yangu ya kwanza, tulifurahia kuandika "dozi 3/3" kwenye rejista na tukafunga kitabu. Safu ya kipimo haikuwepo. Hakuna aliyeiuliza, nami sikuuliza.

Siku ile tulimtendea sista kama mtu asiyejulikana ana kinga au hana. Mwongozo unataka apewe dozi ya chanjo pamoja na imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokwisha kutengenezwa, ndani ya saa 24 ikiwezekana. Imunoglobulini haikupatikana wilayani wala mkoani. Chanjo ilikuwepo, akachomwa asubuhi hiyohiyo, kisha tukaanza kusubiri.

Wakati tunasubiri, turudi kwa wanafunzi wa uuguzi, kwani kwao jambo hili linakaribia kuwa kubwa. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, na Kenya ilikuwa imeanza mwishoni mwa 2001. Watoto wale wamekua. Ndio wanaojaza madarasa ya vyuo vya uuguzi, udaktari na maabara sasa hivi. Wengi wao hawana kadi ya kliniki. Ipo kwa bibi kijijini au ilishaliwa na mchwa. Wengine hawajui kabisa kwamba waliwahi kuchanjwa.

Mtu aliyechanjwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kingamwili zake hushuka kuliko za aliyechanjwa akiwa mkubwa kidogo. Takwimu zinazotumiwa na mamlaka za afya za Marekani zinaonyesha kwamba miaka kama 18 baadaye, ni asilimia 16 tu ya waliochanjwa wakiwa wachanga ndio wenye yuniti 10 au zaidi, ukilinganisha na asilimia 74 ya waliochanjwa baada ya kutimiza mwaka. Chuo kikiwapima wanafunzi 100 wa mwaka wa kwanza na kusoma majibu kama yule mtu wa kalamu ya bluu, kitawaambia zaidi ya 80 kwamba hawana kinga. Wengi wao wanayo, au wamebakiwa na mbegu darini inayohitaji kunyunyiziwa maji kidogo tu.

Kwa kundi hili utaratibu unaofaa unajulikana na hauna gharama ya kutisha. Mwanafunzi apimwe kwanza kama ana maambukizi yenyewe, maana ratiba ya 2002 ilianza wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na mtoto aliyeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa chanjo ilimkuta amechelewa. Asipokuwa na maambukizi na kingamwili zake zikiwa chini ya 10, achomwe dozi moja, kisha apimwe baada ya mwezi mmoja au miwili. Akipanda, jibu limepatikana kwa maisha yake yote ya kazi na liandikwe kwenye faili lake. Asipopanda, amalizie mzunguko wa dozi tatu na apimwe tena. Wale wachache watakaogoma hata baada ya hapo waambiwe ukweli, ili wakichomwa sindano watibiwe mara moja bila mabishano. Wapo pia watumishi ambao kwao hesabu ni tofauti: wenye VVU na wengine ambao kinga ya mwili imedhoofika. Kumbukumbu yao si ya kuitegemea peke yake, kwa hiyo wanapaswa kupimwa kila mwaka na kuongezewa dozi wakishuka.

Uviko-19 ndio uliolifikisha swali la muda wa kinga hadi kwenye daladala na vibaraza vya kahawa, na walioumia nalo kwanza ni watumishi wa afya, kwa kuwa ndio waliotangulia kuchanjwa na ndio waliofuatiliwa kwa karibu zaidi. Nchini Uingereza utafiti uitwao SIREN uliwapima wafanyakazi wa hospitali mara kwa mara hata wasipokuwa na dalili. Kwa wafanyakazi zaidi ya 35,000 waliohesabiwa, dozi mbili za chanjo ya Pfizer ziliwakinga na maambukizi kwa asilimia 85 katika miezi miwili ya mwanzo, na baada ya kama miezi sita na nusu kinga hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 51. Waliokuwa wamewahi kuugua na kisha wakachanjwa walibaki juu ya asilimia 90 hata baada ya mwaka na nusu. Israel nayo, katika kituo cha tiba cha Sheba, iliwafuata wafanyakazi 4,868 na kuona kingamwili zikishuka mfululizo ndani ya miezi sita, zaidi kwa wanaume, wenye miaka 65 na kuendelea, na wenye kinga dhaifu.

Nakumbuka vizuri jinsi namba hizo zilivyopokelewa kwetu. "Si mnaona? Chanjo yenyewe miezi sita tu." Walimu walisema, wachungaji walisema, na hata wenzangu wenye makoti meupe walisema. Ila utafiti uleule ulikuwa unapima jambo moja tu: kirusi kuingia puani. Afrika Kusini ilipima jambo jingine. Kuanzia tarehe 17 Februari 2021, mradi wa Sisonke uliwachanja watumishi wa afya zaidi ya 470,000 kwa dozi moja ya chanjo ya Johnson & Johnson, ileile ambayo Tanzania ilianza nayo Julai mwaka huohuo. Walipolinganishwa na wasiochanjwa, dozi ile moja ilizuia asilimia 67 ya kulazwa hospitali, asilimia 75 ya kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi na asilimia 83 ya vifo.

Tazama namba zinavyopanda kadiri ugonjwa unavyozidi kuwa mzito. Ni kanuni ileile ya mbegu na muda. Kirusi cha korona hukaa puani na kooni siku chache tu kabla ya kuanza kuambukiza wengine, na kumbukumbu haina muda wa kukizuia mlangoni. Lakini kushuka hadi kwenye mapafu na kumlaza mtu kitandani huchukua wiki moja au zaidi, na kufikia hapo seli za kumbukumbu zimekwisha kuamka. Kinga ya kutoambukizwa ikadumu miezi, na kinga ya kutokufa ikadumu zaidi. Tungewaeleza watu hivyo tangu Machi 2021, nadhani tungepoteza wauguzi wachache zaidi. Sisi wataalamu tulitamka neno "kinga" kama vile ni kitu kimoja, na wananchi wakatuelewa kwa jinsi tulivyosema.

Kuna pia kinga inayodumu vizuri lakini kwa ugonjwa mwingine. Chanjo ya Ebola aina ya Ervebo ilitumika kwa watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakiwemo wahudumu wa afya wa Beni na Butembo. Hiyo ni ya Ebola aina ya Zaire. Ugonjwa ulipozuka Mubende nchini Uganda Septemba 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, na Ervebo haina msaada kwake. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki, mmoja wao daktari kijana kutoka Tanzania aliyekuwa akisomea upasuaji. Marburg iliyoingia Rwanda Septemba 2024 iliwapata watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, na hakukuwa na chanjo yoyote iliyoidhinishwa. Mtumishi aliyewahi kuchanjwa Goma asije akaingia wodi ya Kampala au Bukoba akidhani kadi yake inamlinda huko pia.

Kadi zenyewe nazo zina historia yake. Wasomaji waliosafiri wanaijua kadi ya njano, na wengi wanakumbuka kurudishwa kuchanjwa homa ya manjano kila miaka 10. Mwili haukuwa umedai hivyo. Wanajeshi wa Marekani waliochanjwa wakati wa Vita Kuu ya Pili walipimwa zaidi ya miaka 30 baadaye na wengi bado walikuwa na kingamwili. Ile miaka 10 ilikuwa kanuni ya karatasi, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zimetambua kwamba cheti cha dozi moja kinatosha maisha yote. Nimekutana na mtumishi aliyeongezewa chanjo ya homa ya manjano mara tatu kwa ajili ya safari, na hajawahi kupata hata dozi moja ya homa ya ini B, ugonjwa unaokaa katika damu anayoishika kila siku ya kazi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo katika jambo hili lote. Tunabishana kama kinga inadumu miaka 11 au 30, wakati uchambuzi wa tafiti za nchi mbalimbali za Afrika uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba ni kama robo tu ya watumishi wa afya, asilimia 24.7, waliokamilisha dozi tatu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2000 peke yake watumishi wa afya wapatao 66,000 duniani waliambukizwa homa ya ini B kwa kuchomwa na vifaa vyenye ncha kali. Kirusi hiki kinaweza kukaa hai siku 7 kwenye damu iliyokauka juu ya meza. Mtu ambaye hajachanjwa hana ghala wala dari, na hakuna kipimo cha kingamwili kitakachombadilishia hilo.

Na "mtumishi wa afya" tunayemhesabu mara nyingi ni yule mwenye cheti cha chuo. Siku sista alipokuja kupimwa tena, wiki tano baada ya ile dozi, tulipita pamoja nyuma ya maabara kwenda kufuata majibu. Mama mfanya usafi alikuwa pale, amebeba mifuko miwili ya taka akielekea kwenye kichomea taka. Boksi la sindano alilolibana kwapani lilikuwa limejaa kupita mstari, na ncha moja ilikuwa imechomoza kwenye kona ya kadibodi. Glovu zake zilikuwa zile nyembamba za kupimia wagonjwa, moja imechanika kiganjani. Sista alimwahi, akalichukua boksi na kuliweka chini taratibu.

"Mama, wewe ulichanjwa ile ya ini?"

"Ya ini? Ile ni ya manesi, mwanangu. Sisi tuko chini ya mkandarasi."

Jina lake halikuwa kwenye rejista ya chanjo ya hospitali, na mkandarasi wake hana rejista. Alikuwa na miaka 9 ya kubeba maboksi yale.

Majibu ya sista yalikuwa 640. Kutoka 4 hadi 640 kwa dozi moja, ndani ya wiki tano: mwili usio na kumbukumbu huwa haupandi namna hiyo, na kwa hiyo mwaka ule wa chuoni chanjo ilikuwa imeshika vizuri. Miezi sita baada ya tukio alipimwa maambukizi, hakuwa nayo. Tarakimu ile tuliiandika kwa wino kwenye safu mpya tuliyoipiga kwa rula upande wa kulia wa rejista, yenye kichwa "kipimo baada ya dozi ya 3", na yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia kazi ya kuwaita wenzake wa wodi ya wazazi, mmoja mmoja, kwa majina.

Ukurasa wa mwisho wa rejista aliuandika juu yake "Usafi na taka". Una majina 14. Mama yule wa boksi ni wa kwanza. Alipimwa maambukizi, hakuwa nayo, na dozi yake ya kwanza aliipata Jumanne iliyofuata saa mbili asubuhi, kabla ya kuanza kufagia. Ya pili ni baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita, na kipimo mwezi wa saba. Barua ya kumtaka mkandarasi alipie dozi za wale 13 waliobaki nimeshaipeleka ofisini kwake mara mbili.